Mafaili yana majina, tuyaite kwa majina

Alhamisi iliyopita jioni, saa kumi na moja imepita kidogo, nimepigiwa simu na mzee mmoja wa Ujiji, mteja wetu wa siku nyingi, anauza dagaa kwa jumla. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, mimi deni langu nilimaliza mwezi uliopita na risiti ninayo, sasa hii shilingi mia mnayonidai leo ni ya nini?" Nikageuka kumwangalia kijana wetu wa field, naye keshaelewa, kaweka mikono yote miwili kichwani. Meseji imeenda kwa wateja 41. Wote wanadaiwa shilingi mia na wote wameambiwa walipe leo.

Ilikuwa hivi. Dogo alikuwa anajaribu ile meseji ya kukumbusha madeni, akataka aweke kiasi cha uongo cha 100 na saa ya kutuma iwe jioni ile ile aone kama inatoka. Kwenye VS Code yake, edita anayoandikia programu, kulikuwa na vichupo 34, yale majina ya mafaili yaliyofunguliwa yanayopangwa juu ya kioo (nasema vichupo kwa sababu Chrome ya Kiswahili inasema hivyo na mimi nimeshazoea), nilivihesabu mwenyewe, na viwili kati ya hivyo vinaitwa config.php, yaani faili la mipangilio, kimoja cha folda ya majaribio na kingine cha folda ya seva, ile inayotuma meseji kwa wateja kweli. Akatazama juu, akaona config.php, akabonyeza, akaandika, akasevu. Kumbe ni ya seva. Basi.

Ofisini wakasema uzembe. Mimi nakataa na nitaendelea kukataa, maana yule kijana sio mzembe, anafika kabla yetu wote na daftari lake limejaa. Alifanya kile ambacho edita imemfundisha kufanya kutwa nzima, yaani kutafuta kwa macho. Na hapo ndipo ugomvi wangu na vichupo ulipo. Wewe faili unalolitaka unalijua, jina lake unalijua, folda yake unaijua, lakini badala ya kulitaja unaanza kupepesa macho kwenye mstari mwembamba juu ya kioo, unasogeza kulia, unasogeza kushoto, majina mengine yamejificha pembeni huyaoni mpaka uyavute, na ukiona kitu kinachofanana na ulichokuwa unatafuta mkono unabonyeza kabla kichwa hakijamaliza kusoma. VS Code ilimwandikia jina la folda pembeni ya kila config.php, hilo nakubali, sitaki kuisingizia. Iliandika kwa herufi ndogo zilizofifia, na ilikuwa jioni, na jicho lililotazama kioo tangu asubuhi haliwezi kuulizwa swali la namna hiyo.

Nenda duka lolote la spea pale Mwanga. Fundi anafika kaunta anasema nipe bearing ya nyuma ya Boxer, muuzaji hata hatazami, anaingia nyuma, mkono unakwenda kwenye boksi lake, anarudi nayo. Duka lina vitu elfu na kaunta ni nyeupe. Sasa fikiria muuzaji huyo huyo amwage kila kitu alichouza tangu asubuhi juu ya kaunta, kipanguliwe na mteja mwenyewe, achague kwa kuangalia. Ndivyo tunavyofanya kazi na vichupo 34, halafu tunashangaa mtu akiondoka na bearing ya mbele.

Mimi natumia Vim, edita nyingine, unaiamuru kwa kuandika, na kwenye Vim mafaili yote niliyofungua yanakaa nyuma kama bafa, yaani yamo kwenye kumbukumbu ya mashine bila kuonyeshwa, siyaoni, na sina haja ya kuyaona. Nikitaka la bei naandika :b bei, nafika. Nikitaka kurudi nilikotoka nabonyeza Ctrl na ^, nimerudi. Nikisahau nimefungua nini naandika :ls, naletewa orodha yenye namba. Lakini kitu kinachonifanya niandike leo ni kingine. Ukiwa umefungua zile config mbili, ya majaribio na ya seva, ukaandika :b config, Vim haikupeleki popote. Inakukatalia. Inakutolea kosa E93, kwamba kinachofanana na ulichosema ni zaidi ya kimoja, na inakuacha pale pale ulipo mpaka useme vizuri, :b majaribio/config. Haibahatishi kwa niaba yako. Mstari mmoja wa kukataliwa namna hiyo Alhamisi ungemwokoa yule mzee na wenzake arobaini, maana dogo angelazimika kuandika neno majaribio kwa vidole vyake mwenyewe, na huwezi ukaandika majaribio huku kichwani unaenda kwenye seva.

Na vichupo Vim inavyo pia, tangu toleo la 7 mwaka 2006, msije mkaniambia sijui. Ila mle kichupo kimoja sio faili moja, ni mpangilio mzima wa madirisha, unaweka programu huku na majaribio yake huku, unahama na mpangilio wako wote kwa kubonyeza gt. Hiyo ni kazi halali.

Nikiitaja Vim huwa siachi kumtaja Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991 na kuitunza mpaka anafariki Agosti 2023. Fungua Vim bila faili lolote uone, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Mwaka 1994 aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda karibu kabisa na mpaka wetu, akifanya kazi ya maji na usafi wa mazingira, na baada ya hapo hakuwaacha wale watoto. Sisi wa huku Kigoma tunaotumia kazi yake bure kila siku tungepaswa kumjua zaidi ya tunavyomjua.

Ambao Vim hamuitaki sio lazima, sigombani na mtu. VS Code yenyewe ina Ctrl+P, unaandika herufi tatu nne za jina faili linakuja, na folda unaisoma kabla hujabonyeza Enter. Vichupo vyenyewe unaweza kuvifuta kabisa kwenye mipangilio, tafuta showTabs uweke none. Mtu mwenye mafaili manne abaki na vichupo vyake, na anayeanza kujifunza wiki ya kwanza pia, anahitaji kuona kitu kipo wapi. Na najua mtasema faili la seva halikutakiwa kuwepo kwenye mashine ya mtu wa field hata kidogo. Ni kweli, kosa hilo ni langu na nimeliondoa usiku ule ule. Ila mafaili mawili yenye jina moja hayataisha, kila mradi unayo, index mbili, config mbili, main tatu.

Ijumaa asubuhi tuliwapigia wateja wote 41, mmoja mmoja, dogo mwenyewe akiomba radhi. Yule mzee alimwambia asijali, ila akamuuliza mara mbili kama jina lake limeshatoka kwenye wanaodaiwa.

Jumatatu nimemkuta dogo kwenye mashine yangu ya zamani, kafungua Vim, anajaribu zile config mbili kwenye folda ya kuchezea. Kaandika :b config, Vim ikagoma kuendelea, akaniita. "Kaka, hii inataka nini?" Nikamwambia inataka useme ni ipi. Akaandika.