Kabla ya gigahetsi, uliza soketi

Rafiki akitaka kununua prosesa mpya, swali lake la kwanza huwa: inasukumika? Yaani inaweza kukimbia zaidi ya kasi iliyopangwa kiwandani? Najua swali hilo lilikotoka. Mwaka 1998 Celeron 300A ilikuwa ya megahetsi 300. Ukipandisha kasi ya basi, yaani njia ya data inayoiunganisha prosesa na bodi, kutoka megahetsi 66 hadi 100 ulipata 450, hulipi hata senti. Core i5-2500K ya 2011 ilitoka 3.3 ikapita gigahetsi 4.5 kwa feni nzuri tu. Walioonja utamu huo hawajausahau.

Siku hizi viwanda vimeshakamua vyenyewe. Core i9-14900KS inatoka kwenye boksi ikigusa gigahetsi 6.2. Utaongeza nini hapo? Asilimia chache, na joto tele. Mwaka 2024 tuliona prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zikiyumba kwa sababu ya volteji iliyozidi, hadi kampuni ikatoa marekebisho na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Na hapo wengi wa wenye nazo hawakuwa wamezisukuma.

Kwangu mimi, uhai wa kompyuta uko kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi kuu. Bodi yangu ni B350, ya soketi AM4 ya AMD, mshindani wa Intel, nilianza nayo na Ryzen 5 1600 ya 2017. Miaka mitano baadaye AMD ikaruhusu bodi hizo zipokee Ryzen 7 5800X3D, yenye megabaiti 96 za kashe, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Nilisasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, maana ukiitoa kabla, ile mpya haitawaka. Kisha nikaiachia mashine ifanye kazi nzito dakika kumi ili pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, ilainike, nikazima, nikazungusha kipozeo taratibu kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta kwa pupa, prosesa ya AM4 hung'oka nacho, na pini zake zikipinda utalia. Bodi ile ile, RAM ile ile, na michezo iliyokuwa ikikwamakwama ikatulia kabisa.

Tena 5800X3D ilifungwa kiwandani, haisukumiki. Sijawahi kuijutia.

Ndiyo maana naumia Intel inapobadili bodi kila vizazi viwili au vitatu. Kizazi cha 8 kilikuja na pini 1151 zile zile, lakini kikadai bodi mpya.

Leo ningechukua AM5, soketi iliyoifuata AM4, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Ukipenda kusukuma, prosesa yake ya Ryzen 7 9800X3D imefunguliwa, kwa kuwa kashe imehamishiwa chini ya kori (sehemu zinazofanya hesabu) na joto linapata njia. Ila pesa ya kipozeo cha maji ningeiweka akiba ya prosesa ya baadaye.

Ile 1600 sasa iko kwa mdogo wangu, kwenye bodi ya mtumba, anahariria video.