Kwa Huduma ya Kukasirika, Bonyeza Tisa

Kuna salamu za simu za ofisi ambazo ukizisikiliza hadi mwisho, mtoto uliyempakata ameshaota meno. "Karibu katika kampuni yetu, kampuni inayoongoza, yenye uzoefu wa miaka mingi, inayomjali mteja kuliko kitu chochote..." Huyo mteja anayejaliwa yuko stendi, jua linamchoma utosini, salio linahesabika, na tangu mtambo ulipopokea, mtandao unamkata pesa kila sekunde. Bosi naye analalamika kwamba wateja wa siku hizi hawana subira, wanakata simu katikati. Hawakati, bosi. Wanaishiwa.

Mtambo wenyewe hauna roho mbaya. Chukua Asterisk, programu ya bure ya kuendesha simu za ofisi aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Hiyo inafanya ulichoandika kwenye extensions.conf, faili yake ya maagizo, si zaidi wala pungufu, kama mtoto wa shangazi aliyetumwa dukani. Ukiandika Playback, inacheza salamu mpaka tone la mwisho, na mteja abonyeze vitufe mpaka kidole kivimbe, haina habari naye. Ukitaka abonyeze huku salamu inaendelea, amri ni Background, kisha WaitExten(5) imsubiri sekunde tano afikirie. Neno moja tu, na kuna ofisi zinakosa wateja kwa ajili yake.

Salamu isizidi sekunde nane. Jina la kampuni, basi, ingia kwenye chaguo. Na useme "kwa mauzo, bonyeza moja", si "bonyeza moja kwa mauzo". Mtu husikiliza kwanza shida yake itajwe, ndipo atege sikio kwa namba. Ukitanguliza namba, ikifika "mauzo" ameshasahau ilikuwa moja au tatu, anarudia salamu nzima, salio linazidi kunyonyoka. Chaguo nne zinatosha. Ofisi ya watu sita kuweka chaguo tisa ni kutafuta sifa. Saba kati ya hizo zinalia kwenye meza ya dada yuleyule wa mapokezi.

Halafu watu wa kubipu, nani amewafikiria? Mtu ana shilingi zake chache, anabipu ili apigiwe, mtambo unadaka mlio haujafika hata nusu. Pesa imeliwa! Kabla ya Answer, amri ya kupokea, weka Ringing() na Wait(6), simu ilie sekunde sita, abipu kwa amani ya Mungu. Ila kwenye cdr.conf, faili ya kumbukumbu za simu, andika unanswered=yes, la sivyo bipu haiandikwi popote na mtu wa mauzo hajui ampigie nani.

Kuna ugonjwa mwingine: mteja anabonyeza moja, kimya. Anahesabu moja, mbili, tatu, anabonyeza tena kwa hasira, anaambiwa chaguo si sahihi. Fundi anaapa kwamba mtambo ni mbovu. Si mbovu. Mmeweka chaguo la 1 na humo humo mna namba ya ndani 101 ya mhasibu. Mtambo ukisikia moja unajiuliza, amemaliza huyu, au anaelekea 101? Kwa hiyo unasubiri, na bila kuuambia vingine unasubiri sekunde tano. Namba za ndani zianzie 601, chaguo zibaki 1 hadi 4, ugomvi umekwisha. Kama hausikii kitufe chochote kabisa, hiyo ni kesi nyingine: vitufe vinatumwa kama sauti ndani ya kodeki (njia ya kufungasha sauti) inayobana, G.729 kwa mfano, nayo inaivuruga milio. Weka dtmf_mode=rfc4733 kwenye pjsip.conf, faili ya mipangilio ya laini, na kampuni iliyokupa laini nayo ikubali vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa Waswahili tumejifunga kitanzi wenyewe. Bosi anasema ofisi inafunguliwa saa mbili, inafungwa saa kumi na moja. Kijana mtiifu anaandika 02:00-11:00. Matokeo yake ofisi inafunguliwa saa nane usiku, inawakaribisha wachawi, na saa tano asubuhi inawaambia wateja wenye pesa mkononi kwamba "tumefunga, piga kesho". Sahihi ni GotoIfTime(08:00-17:00,mon-fri,*,*?kazini,s,1). Hata ukiandika sahihi, angalia seva iko kwenye saa ya wapi. Nyingi zinakuja na UTC, saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo saa mbili asubuhi yako inakuwa saa tano, na jioni mtambo unaendelea kupeleka simu mpaka saa mbili usiku. Mlinzi anapokea oda za saruji.

Sikukuu za tarehe hazina tabu: 9 Desemba ni 9 Desemba, unaandika mara moja unasahau. Idd je? Utauandikia mtambo mwezi umeandama? Tengeneza namba ya ndani, tuseme *28, ambayo mtu akiipiga inageuza DB(ofisi/hali), alama inayotunzwa ndani ya mtambo, kuwa 1, yaani tumefunga, na script (yale maagizo ya extensions.conf) iangalie hiyo kwanza kabla ya kuangalia saa. Tangazo la mwezi likitoka usiku, mtu mmoja anapiga namba moja, anarudi kwenye vitumbua vyake. Shida ni kukumbuka kuirudisha. Kuna ofisi zinasherehekea Idd mpaka Jumatano ya wiki ya pili.

Kwenye kurekodi ndiko pesa inakotupwa. Anaitwa MC wa harusi mwenye besi la kutikisa vioo. Laini ya kawaida ya simu inapitisha takribani hezi 300 hadi 3,400 tu. Besi lote limebaki studio, kilichofika kwa mteja ni sauti ya mtu mwenye mafua. Tafuta msomaji anayetamka wazi, mweke chumba chenye mapazia na magodoro, mbali na jogoo. Faili iwe ya wav, mono, biti 16, sampuli 8,000 kwa sekunde. Umerekodi kwa simu? Ibadilishe: ffmpeg -i salamu.m4a -ar 8000 -ac 1 salamu.wav. Na kwenye script andika salamu bila .wav, vinginevyo mtambo unatafuta salamu.wav.wav, hauioni, mteja anasikia ukimya wa makaburini.

Na lugha, jamani. Mtambo unaunga vipande: faili ya "mbele yako kuna watu", halafu faili ya "mbili". Watu mbili! Mteja wa Pemba akisikia hivyo anakata simu kwa heshima ya wazazi wake. Rekodi seti ya pili kwa ajili ya watu: wawili, watatu, wanne, watano, wanane. Sita, saba, tisa na kumi tumia zilezile. "Mtu mmoja" iwe faili yake peke yake, kwa sababu huyo hata "watu" hamtaki.

Mwisho kabisa mteja anafikishwa kwenye ujumbe wa sauti, na watu wetu hawaachi ujumbe, wanaachama. "Haloo? Haloo? Mbona huongei?" Kwenye voicemail.conf weka minsecs=4 ili mihemo mifupi itupwe, na maxsilence=3, sekunde za ukimya kabla mtambo haujaacha kurekodi, iwe pungufu ya minsecs, vinginevyo ukimya unahesabiwa nao kuwa ujumbe. Hiyo maxsilence inafanya kazi palipo na ukimya. Mteja aliyesahau kukata, akatia simu mfukoni na kupanda daladala, huyo hana ukimya. Mtambo unarekodi kwa utiifu sekunde zote 180 za maxsecs, kikomo cha ujumbe, unafunga faili, na kwa kuwa attach=yes, unaituma kwenye barua pepe ya mauzo: ujumbe mpya, dakika tatu. Meneja anausikiliza mara mbili, kalamu mkononi, akitafuta oda. Anachopata ni konda anaita Mbagala, Mbagala, na sauti ya mbali ya mteja akidai chenji yake ya mia tano.