"Keneng" ya Guangzhou, "labda" ya Kariakoo

"Your goods must arrive on the 12th." Hivyo ndivyo Mchina ninayefanya naye kazi hapa Guangzhou alivyomwandikia mama mmoja wa Kariakoo anayeagiza mapazia kupitia kwetu. Haikupita saa, simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyo anamwamrisha nani, mimi au meli?"

Maskini, hakuwa anaamrisha. Kichwani alikuwa na neno lao "yiding", linalobeba hakika na lazima kwa pamoja. "Must" nayo hubeba yakini, lakini hasa pale unapokisia jambo lililopo: taa inawaka, basi "he must be home". Ukiipeleka kwa mzigo ulio baharini, inageuka amri. Na sisi tusicheke sana, maana "lazima" yetu ina tabia hiyohiyo ya yiding.

Kinachowatesa Wachina zaidi wakiandika Kiingereza ni "keneng", yaani "huenda" yao. Mwenzangu huyu huandika "He is possible to come", nami namsahihisha kila wiki. Kwa Kichina husema tu "ta keneng lai", yeye huenda akaja, na mtu anakaa mwanzo wa sentensi bila shida. Kiingereza hakitaki mtu awe "possible". Kinataka "it is possible". Hapo mimi nilipita kirahisi, kwa kuwa tangu utotoni nasema "inawezekana akaja", na ile i- ndiyo "it" yenyewe. Kasheshe ni kwamba "he is likely to come" ni sahihi kabisa. Aliponiuliza kwa nini likely iruhusiwe na possible ikataliwe, nilikwenda kuchemsha maji ya chai.

Isitoshe, keneng ni pana mno. Inaanzia kwenye tumaini hafifu hadi karibu na uhakika, kama labda yetu. Tofauti ni kwamba nyumbani labda hupimwa kwa sikio. Fundi wa Kariakoo akikwambia "kesho, inshallah", ukimtazama usoni unajua kama shati litakuwa tayari au utarudi mara tatu. Hapa mambo yote yako kwenye maandishi, na barua pepe haina uso. Ndiyo maana nasema walimu wao wanakosea kuwakaririsha probably, perhaps, maybe kama orodha ya visawe. Wawafundishe uzito: might ni nyepesi, probably imepita nusu, should maana yake mambo yakienda sawa. Hata mvua ya hapa simu huipa asilimia, seuze kontena la watu.

Siku hizi mwenzangu anaandika "should arrive around the 12th". Mama akapiga tena.

"Hiyo should ni asilimia ngapi?"

Nikamwambia, kwa makisio yangu, sabini.

"Haya. Wateja wangu nitawaambia tarehe 20."