Mtungi wa Lita 20 na Chuma cha Jimu

Barazani Mji wa Kale, mtu akisema ameacha mashine za jimu na sasa anafanya mazoezi ya kuchuchumaa, kubeba na kuvuta, yaani miendo ya kila siku, jibu huwa tayari: "Wataka mazoezi? Kasukume mkokoteni." Watu hucheka, kahawa ikaendelea.

Mzaha huo una hoja. Kwa nini ulipie jasho ambalo mwenzako analipwa kulitoa?

Basi tupime. Maji ya mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Chuma kirefu cha jimu, kile cha mashindano ya wanaume, kabla hakijatiwa sahani ya uzito hata moja, nacho ni kilo 20. Sawasawa. Sasa tazama vinavyoinuliwa. Mwalimu mzuri hamruhusu mgeni kukigusa chuma hicho mpaka achuchumae vizuri na mti wa ufagio. Nyumbani, mtungi hunyakuliwa kwa mkono mmoja, kiuno kimepinda, mguu mmoja uko ngazini, simu imebanwa begani. Tena uzito wa chuma hugawanywa na mikono miwili. Mtungi huvuta upande mmoja, na misuli ya ubavu ndiyo inayokuzuia usipinde. Mzigo ulio mgumu zaidi ndio tusiofundishwa kuubeba.

Na mchukuzi wa maji? Yeye hupandisha mitungi ghorofa ya nne kutwa, mgongo uume usiume, kwani asipobeba hali. Zoezi lina kiasi: mara nane, upumzike, kesho uache, wiki ijayo uongeze kidogo. Misuli hujijenga wakati wa mapumziko, na mapumziko ndiyo asiyopewa.

Wapenzi wa mashine nao wana lao. Mashine hukushika njia moja, kwa hivyo mwenye goti bovu hana hofu ya kuanguka, na kilo zilizoongezeka zinahesabika. Kwa kukuza msuli mmoja siwapingi. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, unaowataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, unawaongezea wenye miaka 65 na zaidi mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu za kujimudu, siku 3 au zaidi. Kisa ni kuanguka. Mashine inayokushikilia haikufundishi kujishikilia.

Anayeanza hahitaji vingi. Kiti cha plastiki kikiegemezwa ukutani kinatosha: keti, inuka bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi. Likiwa jepesi, ndipo ubebe. Mimi nilianza na mitungi miwili ya lita 5, mlangoni hadi getini na kurudi. Jirani wa chini aliponiona alikimbilia ndani kufungua mfereji; alidhani maji yamekatika tena.