Mlango wa Gari Ukilegea, Usikimbilie Kununua Kitasa

Hapa Nakuru karibu kila gari lenye umri lina mlango mmoja wenye masharti yake. "Huo uinue kidogo, halafu piga kwa nguvu." Abiria anapiga, gari zima linatikisika, na safari ya Njoro inaanza. Tumezoea hivyo, na mimi nasema tumezoea vibaya. Kitasa cha gari hukamata kwa hatua mbili. Ya kwanza huzuia tu mlango usifunguke wazi; ya pili ndiyo hufunga sawasawa. Mtoto anayeegemea mlango ulioishia hatua ya kwanza, gari likikata kona, yuko hatarini.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu la gereji. Sema tu mlango unacheza, utaambiwa kitasa kimeisha, toa pesa kitafutwe kingine cha ex-Japan, yaani kilichokwisha kutumika Japani. Hakuna aliyeinama kuutazama. Mara nyingi kitasa ni kizima. Kilichosogea ni kile chuma chenye umbo la U kwenye nguzo ya gari, ambacho ulimi wa kitasa hukikamata. Kikitoka nje milimita mbili tatu, mlango utafunga lakini hautabana raba, na kwenye matuta utausikia ukigonga.

Kwa hivyo dai uchunguzi kabla ya spea. Fungua mlango nusu, ushike ukingoni, uinue. Mlango ukipanda na kushuka, ugomvi uko kwenye bawaba: pini na bushi zimelika, na kitasa kipya hakitasaidia kitu. Bawaba zikiwa imara, sukuma ulimi kwa bisibisi mlango ukiwa bado wazi, usikilize milio miwili. Halafu vuta mkono wa mlango ulimi uachie. Ukisahau hilo ukafunga, ulimi utagonga chuma na utaharibu kilichokuwa kizima. Ulimi ukirudi kwa uzito, safisha grisi iliyokauka, utie mpya. Oili chafu ya injini hapana. Inanasa vumbi, na vumbi la Nakuru tunalijua.

Kusogeza kile chuma cha umbo la U ni kazi ya subira. Kwanza chora kwa kalamu mahali kilipokaa, ili ukipotea ujue pa kurudi. Legeza skrubu zake, usizitoe kabisa, kwa sababu katika baadhi ya magari kibati chenye nati kilicho nyuma yake huangukia ndani ya nguzo, na kukitoa humo ni balaa. Kigonge ndani kidogo tu, kaza, funga mlango, tazama kama bati la mlango limelingana na la jirani yake. Bado? Rudia. Skrubu hizi hukazwa sana, kwa hiyo bisibisi iliyolika itazila vichwa. Fundi asiye na bisibisi inayolingana nazo mwambie asiguse.

Tundu la funguo linalocheza ni habari nyingine. Katika magari mengi hilo hushikwa na klipu ndani ya mlango, na kuifikia lazima ubao wa ndani ubanduliwe. Hapo simama karibu na fundi. Nyuma ya ubao kuna karatasi ya nailoni, na wengi huichana na kuitupa wakidhani ni takataka ya kiwandani. Ndiyo inayozuia maji yanayopenya kando ya kioo yasiingie ndani ya gari. Mvua ya Molo ikikupata bila hiyo, zulia litalowa na hutajua maji yametokea wapi. Irudishwe na ibandikwe vizuri.

Kabla ya kulipa, pandisha vioo vyote na ufunge milango mingine, kisha ufunge ule uliotengenezwa, taratibu, kwa mkono mmoja. Fundi akikujaribishia kioo kikiwa chini, kataa: hewa ya ndani inatokea dirishani, na hata mlango mbovu utaonekana mwepesi.