Othello Alisikilizwa, Desdemona Je?

Juzi hapa Bagamoyo, kundi moja la vijana lilipomaliza kuigiza Othello, mchezo wa Shakespeare juu ya jemadari anayemuua mkewe kwa kumdhania mzinzi, wanaume watu wazima waliokaa karibu nami walisimama wakitikisa vichwa na kusema, "Maskini, fitina imemponza." Sikumsikia hata mmoja akimtaja Desdemona, mke aliyeuawa kitandani mbele ya macho yetu, na jambo hilo limeniudhi mno.

Kwamba Iago, afisa wa Othello aliyemchochea kwa uongo, ni mfitini wa kutisha, sibishi. Nakubali pia kwamba Othello alikuwa mtu mweusi na mgeni katika mji wa Venisi, na kwamba Iago alilijua donda hilo akalitonesha kwa makusudi. Hata Brutus, katika Juliasi Kaizari, tamthilia nyingine ya Shakespeare tuliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963, alitupiwa barua za uongo zilizomchochea amuue Kaizari. Lakini baada ya kuua alisimama mbele ya umma akajieleza.

Kinachonizuia kumlilia Othello ni onyesho ambalo vijana wetu walilikata, nadhani kwa kufupisha mchezo. Mwanzoni kabisa, Brabantio, baba yake Desdemona, anamshitaki Othello mbele ya baraza la Venisi kwamba amemroga binti yake. Ni usiku, Waturuki wanakwenda kukishambulia Kupro, kisiwa kilicho chini ya Venisi, na wakubwa wana kila sababu ya kukata shauri haraka; hata hivyo wanampa nafasi ya kusema. Naye, kwa utulivu wa mtu anayejua haki yake, anaomba Desdemona aitwe aseme mbele ya baba yake, na kwamba yeye mwenyewe akionekana na hatia avuliwe cheo na auawe. Desdemona anaitwa, anasema, na shitaka linaanguka.

Mtu huyo huyo, akiwa Kupro alikotumwa vitani, anaona leso iliyotariziwa matunda ya stroberi, aliyompa Desdemona, mkononi mwa Cassio, msaidizi wake ambaye Iago anadai ni mpenzi wa Desdemona, na kwake hiyo inakuwa hukumu. Cassio hamwulizi neno. Anajificha na kumtazama akicheka, kumbe kicheko kile kinamhusu mwanamke mwingine kabisa. Emilia, mhudumu wa Desdemona anayeishi naye mchana na usiku, anaiweka roho yake rehani kwamba bibi yake ni msafi, naye anapuuzwa na kuitwa kuwadi.

Wengi wetu mjini hapa tulisomeshwa katika chuo cha Kurani, tungali wadogo, kwamba tuhuma ya zinaa hutaka mashahidi wanne, na kwamba mume asiyekuwa nao hula kiapo, kisha mke naye hupewa nafasi ya kula chake, na kiapo hicho humwondolea adhabu. Othello si wa dini yetu wala sidai ahukumiwe kwayo. Ninachouliza ni kwa nini watu waliolelewa katika mafunzo hayo wanamhurumia upesi hivyo mume aliyeamua kesi peke yake, akawa mshitaki, hakimu na mnyongaji katika chumba kimoja.

Wanaosema alipofushwa na wivu hata asiweze kufikiri, na wayasikilize tena maneno ya usiku ule wa mwisho. Alipotajiwa leso na Cassio, Desdemona hakuanza kwa kuomba huruma. Aliapa kwamba hakumpa, akamwambia mumewe amwite Cassio amwulize. Ombi hilo ndilo Othello mwenyewe alilolipeleka mbele ya baraza la Venisi, likakubaliwa, likamwokoa. Safari hii aliyeombwa ni yeye, na alikataa.