Nyonga isisubirishwe, goti lisiharakishwe

Mama akishindwa kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, familia hugawanyika. Watoto wa mjini wanataka abadilishiwe goti mwezi huohuo. Dada zake wanaapa kwamba kisu kikishagusa goti, mtu hatembei tena. Kila upande una hoja ya kusikilizwa. Kinachonisumbua ni kwamba goti na nyonga vinajadiliwa kama kitu kimoja, na matokeo yake ni watu kusubirishwa pasipostahili na kuharakishwa pasipostahili.

Nianze na nyonga. Mwaka 1962 daktari John Charnley, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, aliboresha njia ya kubadilisha nyonga kwa kuweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki, na msingi huo ungali unatumika. Nyonga ni mpira unaozunguka ndani ya kikombe, hivyo kuiga mwendo wake si kazi ngumu kama kuiga goti. Kwetu suala hili si la wazee peke yao. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa na kubonyea, na binti wa miaka 25 anajikuta hawezi kufunga kamba za viatu. Wanaomshauri asubiri wana sababu: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba takriban asilimia 58 ya nyonga bandia hudumu miaka 25, kwa hiyo huenda akarudi kwenye meza ya upasuaji, na upasuaji wa marudio ni mgumu zaidi. Isitoshe, mwenye selimundu yuko katika hatari kubwa zaidi ya maambukizi na anahitaji maandalizi ya damu. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo, kumwambia angoje afike miaka 60 ni kumnyang'anya miaka ya kusoma, kufanya kazi na kulea. Mfupa ukishakufa na kubonyea, na maumivu yakamwamsha usiku, mimi niko upande wa upasuaji.

Goti ni habari nyingine. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa mmoja hivi kati ya watano hubaki na maumivu ya muda mrefu hata baada ya kuwekewa goti jipya. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya wagonjwa 100 waliogawanywa makundi mawili: wote walipata mazoezi, ushauri wa lishe, soli maalumu za viatu na dawa, lakini nusu yao walifanyiwa upasuaji kwanza. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Lakini walipata pia madhara makubwa mengi zaidi, na katika wale 50 wa mazoezi peke yake, ni 13 tu waliokuwa wameishia kupasuliwa. Nawasihi wanaochangisha fedha za upasuaji waitazame namba hiyo ya mwisho. Kila kilo moja ya uzito inayopungua hupunguza mzigo wa takriban kilo nne juu ya goti katika kila hatua.

Lakini kusubiri nako kuna gharama. Anayemeza dawa ya maumivu ya diklofenaki mwaka baada ya mwaka anahatarisha figo na tumbo lake, na paja linalokaa bila kazi husinyaa, halafu siku ya upasuaji ikifika halina nguvu ya kumnyanyua. Kusubiri bila mazoezi ni kuuacha ugonjwa uendelee.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau: nyumba anayorudi mgonjwa. Akibadilishiwa nyonga, mara nyingi huambiwa kwa wiki kadhaa asikunje paja kupita pembe ya digrii 90. Choo cha kuchuchumaa kinavunja agizo hilo, kigoda cha jikoni vilevile, na mbuzi ya kukunia nazi ndiyo mbaya kuliko vyote. Aliyebadilishiwa goti huenda asiweze tena kupiga magoti kwa raha, na mwenye kuswali anaweza kuhitaji kiti. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama aswali amekaa, lakini mzee anastahili kulijua hilo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, si baada.

Halafu huja mapenzi yanayodhuru. Ndugu humwekea mgonjwa mto chini ya goti ili apumzike, na goti linazoea kukaa limepinda; mto huo uwekwe chini ya kifundo cha mguu, goti linyooke. Wengine humkataza kutembea, ilhali hospitalini husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu kulala tu kunaongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Misuli ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma, asichuliwe kwa mafuta. Apelekwe hospitali haraka, na zaidi akianza kubanwa na pumzi.

Kwa hiyo, familia ikikaa kupanga michango, hesabu isiishie kwenye kiungo bandia. Waiulize bima kama inalipia kiungo chenyewe au upasuaji tu, watenge nauli na malipo ya miezi ya mazoezi tiba, na kiti cha choo kinunuliwe kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa. Fedha zikitosha upasuaji peke yake, na tatizo ni goti ambalo bado linamfikisha sokoni, ningeanza na mtaalamu wa mazoezi.